Mtani Alisema, Sisi Tukacheka

Mwanangu Asumini,

Barua hii nitaikunja ndani ya kitenge cha chini kabisa sandukuni, kwa sababu nakujua. Nikiiweka juu utaisoma kesho kabla treni haijafika Pugu, utaanza kulia mbele za watu au utaanza kunicheka, na sijui lipi baya zaidi. Sasa hivi uko Mchikichini kwa Bi. Zena unasukwa. Nywele zako zilivyo nyingi, na Bi. Zena anavyopenda kuongea, ninayo jioni nzima.

Ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya wanaume wenye pikipiki amekwisha kukuambia shangazi yako, na hapo kwenye wanaume alirudia. Sina la kuongeza.

Nataka kwanza ujue kwamba nina furaha. Tangu ulipopata kazi ya Morogoro, baba yako ana shughuli Mnazi Mmoja kila siku, shughuli ambazo hajawahi kuwa nazo maishani, ili tu akutane na watu awaambie binti yake anakwenda kiwandani kuchunguza ajali. Watu wanamuuliza, "Polisi?" Anajibu, "Zaidi ya polisi." Kazi yenyewe haijui vizuri, lakini furaha yake ni ya kweli, na yangu imeizidi ya kwake ila mimi naificha jikoni. Jana nimeimba huku nikichambua mchele, mpaka jirani akauliza kuna nini. Nikamwambia kuna mchele.

Lakini kuna jambo moja nimeliweka muda mrefu. Nikikuambia kwa mdomo utacheka, nami nitacheka, na litaishia hapo kama kawaida yetu. Ndiyo maana naandika.

Tangu utoto wako umesikia mtaa mzima ukisimulia siku mama yako alipombebea Mnyamwezi muhogo kichwani, toka soko la Kariakoo mpaka Ilala, mchana kweupe. Umeona wanavyoiga nilivyokuwa natembea. Baba yako anaiga kuliko wote, na shingo anaikunja kabisa. Hakuna aliyekuambia kwa nini nilibeba. Mimi nimekuwa nikicheka pamoja nao kwa sababu kucheka ni rahisi kuliko kueleza. Sasa unakwenda kufanya kazi ileile iliyonibebesha muhogo, basi ni haki yako kujua.

Kiwanda chetu cha mikate kule Gerezani unakikumbuka, kile cha nyuma ya karakana za reli. Ulikuwa ukinikumbatia ukasema mama ananukia hamira. Pale ndipo nilipokuwa mtu. Niliingia sijui hata kuandika jina langu, nikajifunza kusoma katika darasa la watu wazima lililofanyika stoo, zamu ikiisha, tumekalia magunia ya unga. Tulikuwa tukitoka darasani makalio meupe, na barabarani watu walijua moja kwa moja nani kasoma leo.

Kazi yangu ilikuwa kwenye mashine ya kukandia unga, mimi na Tatu, huyu Tatu unayemwita mama mdogo. Ilikuwa pipa kubwa la chuma, na ndani yake mkono wa chuma unaozunguka ukikanda. Sisi tulitia unga, maji na hamira, na tulikitoa kinyunya kikiwa tayari. Mashine ilikuwa na mfuniko wake mzuri, wa kuifunika inapozunguka. Mfuniko ule tulikuwa tunauanikia kanga.

Aliyeshika swichi alikuwa Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye mwanya. Unajua sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wao wakishuka pwani na mizigo kichwani, sisi tukiwatoza njiani. Mtani hana breki. Anaweza kukutukana mbele ya mkweo, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Kila asubuhi Maganga akiniona aliniambia, "Mzaramo, kumbe umekuja? Nilidhani kuna ngoma Kisarawe, tusikuone mpaka mwezi uandame." Nami nilimjibu, "Wewe shusha mzigo kwanza, ndiyo uongee na watu." Hiyo ndiyo iliyokuwa shikamoo na marahaba yetu.

Kisha ikaja ile miaka ngano ilipokuwa adimu. Tukaletewa unga wa mahindi ya njano, ule watu waliouita yanga, tuuchanganye na ngano kidogo iliyokuwepo. Mikate ikatoka mizito, ukimrushia mwizi anakaa. Watu walipanga foleni wakaila hivyohivyo na wakatushukuru. Sisi ndani tulikuwa na taabu nyingine. Kinyunya cha yanga kilikuwa kinang'ang'ania pembeni mwa pipa, na katikati mkono wa chuma unazunguka mtupu. Basi tukawa tunatia mikono yetu tunakibandua, mashine ikiendelea kuzunguka. Hakuna aliyetuamuru. Ilianza tu, na baada ya siku chache ndiyo ikawa kazi.

Maganga akitutazama toka kwenye swichi alikuwa anasema, "Iko siku mashine hii itawakanda nyie Wazaramo, itoe mkate unaocheza ngoma wenyewe." Tulicheka. Siku moja ikanasa pindo la kanga niliyojifunga juu ya gauni la kazi. Ikavuta, nikazunguka mara moja kama pia, kanga ikanifunguka, nikabaki naitazama inakandwa pamoja na mikate ya watu. Kiwanda kizima kilicheka, wengine mpaka wakakaa chini. Maganga akasema, "Imeonja kanga. Kesho itataka nyama." Hilo nalo tulilicheka. Jioni nikamsimulia baba yako, akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyewaza kwamba nilikuwa nimenusurika. Ingekuwa kidogo tu upande huu, leo ungekuwa unaandikiwa barua na mkono wa kushoto. Lakini jambo likishakuwa kichekesho, nani ataliuliza swali?

Haya, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Haukupita muda, mkono wa Tatu ukanaswa.

Maganga aliizima mashine haraka kuliko nilivyodhani binadamu anaweza. Hata hivyo mfupa ulikuwa umevunjika. Alimshika Tatu kichwa mapajani mwake mpaka gari lilipokuja. Mkono ule ulipona, Mungu mkubwa, lakini hadi leo haunyooki sawasawa, ndiyo maana Tatu akikupungia kwaheri unadhani anakuita ukale.

Wakati huo mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya wafanyakazi. Walinichagua kwa mdomo wangu, maana watu hudhani mwenye kelele ana akili. Meneja wetu, kijana mpole aliyekuwa ametoka masomoni si zamani, akatuomba kamati tuchunguze ajali ile tumwambie tufanyeje isirudi. Isirudi, alisema hivyo hasa. Mimi nikasikia "tafuteni mwenye kosa." Siku ya uchunguzi nilivaa gauni langu la Idi.

Tukaweka meza stoo, wajumbe upande huu, anayeulizwa anasimama upande ule. Swali la kwanza lilikuwa, "Nani alikuwa kwenye swichi?" Maswali mengine yote yalikuwa watoto wa hilohilo.

Akaitwa Maganga. Shati lake lilikuwa bado na damu ya Tatu. Mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba ana huzuni. Lakini unawajua watani. Mtani akiwa na huzuni ndipo anapotania zaidi. Hata msibani yeye ndiye anayejitupa kaburini akidai alipwe kwanza ndipo maiti azikwe, na watu waliokuwa wakilia wanacheka kidogo, wanapata nguvu ya kuzika. Nikamuuliza, "Ndugu Maganga, unajua nini kuhusu ajali hii?" Akasema, "Mimi niliwaambia mashine itakula Mzaramo. Imekula. Mnaniuliza nini tena?"

Upande wangu wa meza mmoja akanong'ona, "Alijuaje?" Mwingine akasema, "Lisemwalo lipo." Na mimi mtani wake, ambaye kwa mila nilipaswa kumjibu kwa tusi kubwa kuliko lake, nikasema kwa sauti ya jaji, "Iandikwe."

Ikaandikwa kwamba alikuwa akiwatakia wenzake mabaya. Hakuna aliyetamka neno uchawi, lakini lilikuwa limekaa nasi pale mezani kama mjumbe mwingine. Maganga alinitazama mimi, si wengine. Alidhani natania. Alisubiri nicheke. Mimi nikapanga karatasi.

Wakamtoa kwenye mashine, wakampa mkokoteni wa kuleta unga kutoka bohari, juani. Meneja akaniuliza kama tuna hakika. Nikamjibu, "Tumemaliza, ndugu." Neno hilo, mwanangu, siku ukilisikia linatoka mapema kinywani mwako, lirudishe ndani ulitafune tena.

Watu wakasema ajali haina kinga, na mwenye mkosi kaondoka, tukarudi kazini. Swichi akapewa bwana mmoja mtaratibu, mswalihina, asiyetania mtu. Na kiwanda kikanyamaza. Nani atatania, wakati aliyetania anasukuma mkokoteni? Mtu akikwaruzwa alijifunga kitambaa akatia mkono mfukoni. Trei ya moto ikimponyoka mtu, kwanza aligeuka kuona nani kaona, ndipo aangalie mguu wake. Mimi nilidhani ile ni nidhamu. Nilimwendea hata Meneja nikamwambia, "Unaona watu walivyotulia?" Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilikuwa nimeinama nabandua kinyunya kama desturi, mkono wa chuma ukashika mkono wa gauni langu juu ya kiwiko. Ukavuta. Kelele zenyewe sikupata nafasi ya kuzipiga. Bega langu limekwisha kugusa ukingo wa pipa, umeme ukakatika.

Ukakatika Gerezani yote na Kariakoo yote. Dirishani nilisikia mji unalaani. Kinyozi wa jirani analaani, mwenye redio analaani, mafundi wa karakana ya pili wanamtaja mama wa mtu. Katika Dar es Salaam nzima nadhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nasema alhamdulillahi, kichwa kimeinamia kwenye yanga. Walinitoa kwa mkasi. Hadi leo umeme ukikatika baba yako akaanza kulalamika, mimi humwambia anyamaze.

Nikakalishwa kwenye gunia. Wenzangu walinizunguka. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema neno. Yule bwana wa swichi alikuwa analia. Hakuwa amemtakia mtu yeyote mabaya maishani mwake, na mashine ilikuwa imenishika palepale ilipomshika Tatu. Swali langu la "nani" halikuwa na pa kwenda tena. Ndipo nikamkumbuka Maganga, nikamkumbuka kwa uchungu. Angekuwepo angesema neno moja la hovyo, ningecheka, damu ingerudi usoni. Kisha nikawaza ni maneno gani aliyokuwa akiyasema siku zote. Mkate wa Wazaramo. Imeonja kanga, itataka nyama. Asumini, alikuwa ametuambia kila siku, kwa sauti kubwa, mbele ya kila mtu. Alikuwa anaogopa kwa ajili yetu, na woga wake aliusema kwa lugha aliyokuwa nayo. Sisi tukasikia utani.

Siku ile ile baada ya kazi nikamfuata. Nilimkuta sokoni Kariakoo upande wa mihogo, amekwisha kununua kigunia. Nikasimama mbele yake nikasema, "Maganga, nimekuja."

Akaniitikia, "Ndugu Mjumbe."

Tangu nimfahamu hakuwahi kuniita jina zuri. Heshima ile iliniuma kuliko matusi yake yote ukiyaweka pamoja. Nilianza kulia hapo hapo mbele ya wauza mihogo. Nikamwambia, "Nimevunja utani. Mila unaijua. Sema faini."

Akalitazama gunia. Akanitazama mimi. Nikaona ule mwanya unaanza kuchungulia.

"Beba," akasema.

Nikajitwika. Yeye akatangulia, mikono nyuma kama bwana shamba, akitangaza njia nzima: "Pisheni jamani, pisheni! Babu zangu waliwabebea mizigo watu wa pwani mpaka shingo zikazama. Leo Mnyamwezi kapata mpagazi wake wa Kizaramo!" Watu wakaacha shughuli. Akina mama wa nyanya wakapiga vigelegele. Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa, alitoka na futi shingoni akauliza kulikoni. Alipoelezwa kwamba ni watani alicheka, akanitolea kiti na maji ya kunywa, na Maganga akamwambia asimharibu mpagazi wake. Nilikuwa nimeona aibu hatua chache za mwanzo. Baadaye nilicheka mpaka gunia likawa linaruka kichwani.

Lakini haya yafuatayo ndiyo ambayo mtaa haukuyasikia. Watu walipopungua njiani, nikamuuliza nikiwa nyuma yake, "Maganga, kwa nini Tatu alitia mkono?"

"Kwa sababu wewe ulitia."

"Na mimi kwa nini nilitia?"

"Si kinyunya kilikuwa kimeng'ang'ania."

"Kwa nini hukuzima, nikibandue, ndiyo uwashe?"

Akasimama, akanigeukia. "Nikizima haiwaki. Ile mota imechoka, na yanga ni mzito. Ikisimama na mzigo ndani mpaka aitwe fundi, mikate inachelewa, foleni nje inatutukana. Na wa kwanza kunipigia kelele ni nani? Si wewe, Mzaramo? 'Mnyamwezi amelala, Mnyamwezi amelala.'"

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nikimpigia kelele kila asubuhi, na nilikuwa nimesahau kabisa. Ningekuwa nyuma ya meza ningejitetea. Lakini nilikuwa na muhogo kichwani. Siwezi kuinama, siwezi kugeuka, siwezi kunyoosha kidole. Niliweza kuuliza tu, na kusikiliza. Nadhani hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuchunguza kitu. Tulipofika kwake mkewe alinipokea gunia, akanipa muhogo wa kuchemsha na chumvi, na sijala kitu kitamu kama kile.

Kesho yake nikamwomba Meneja tuanze upya. Alikubali haraka, maana naye hakuwa amelala vizuri tangu aambiwe "tumemaliza." Safari hii meza sikuitaka. Tulikaa uani, kwenye makasha ya mikate, tukaita muuza kahawa na kashata. Na swali nililouliza lilikuwa moja: kila mtu aseme ametaniwa nini humu kazini.

Mwanzoni walitazamana. Kisha Tatu, mkono bado umetundikwa shingoni kwa kitambaa, akasema yeye anaitwa Mbabaishaji kwa sababu mwiko wake ulitafunwa na mashine akadai ameusahau nyumbani. Mtu wa tanuri akasema wanamwita Kidevu, maana ndevu ziliungua upande mmoja mlango wa tanuri ulipojifungua wenyewe. Mwingine kateleza na trei pale bomba linapovuja, wanamwita Mchezaji. Walisema huku wanacheka, wanasukumana, wanakumbushana, "Na ile siku ya ndala je?" Kila jina la utani lilikuwa na ajali yake ndogo ndani, iliyomkosa mtu kidogo tu. Nilikaa nasikiliza na kashata imeganda mkononi. Kiwanda kizima kilikuwa kinajua.

Na kwa kila moja tuliuliza kwa nini, na jibu likija tunaliuliza nalo kwa nini. Tukafika kwenye mota, tukafika kwenye unga. Meneja alikuwa amekaa kwenye kasha kama sisi. Akasema naye anataniwa, na mkewe, kwamba mikate yake hata kuku wanaikataa. Tulipomaliza kucheka akasema polepole, "Nilibadilisha unga, sikuwaza kwamba nimebadilisha na kazi yenu." Hakuna aliyemsimanga. Tatu akauliza, "Jamani, majumbani yanga tunaukanda vipi? Si tunauchoma kwa maji ya moto kwanza?" Wanawake wote wakaanza kusema kwa pamoja. Tukaujaribu hivyo na ukalainika, ukaacha kung'ang'ania. Fundi wa karakana ya jirani akaja akaitengeneza mota ikawa inazimika na kuwaka kama kitu cha heshima. Mfuniko ukatobolewa dirisha dogo la kupitishia mwiko mrefu, mkono haupiti hata ukitaka. Na tulikubaliana mashine ikizimwa, hakuna wa kumpigia kelele aliyeizima. Hilo la mwisho lilikuwa langu, na ndilo lililonishinda kuliko yote, kwa mdomo huu unaoujua.

Yale maandishi ya mwanzo niliomba yafutwe, na Maganga arudi kwenye swichi.

Asubuhi aliyorudi, tulikuwa tumesimama kila mtu mahali pake. Akaingia taratibu. Akaitazama mashine, akautazama mfuniko, akanitazama mimi toka kichwani mpaka miguuni. Moyo wangu ulikuwa unapiga kuliko siku ya harusi yangu, maana nilijua akiniita Ndugu Mjumbe nimekwisha.

Akasema, "Mzaramo, toa kanga zako hapo kwenye mfuniko. Hiki ni kiwanda, si kamba yenu ya kuanikia."

Kiwanda kililipuka kwa kicheko. Wengine walipiga trei. Mimi nilicheka na machozi yakanitoka, yakachanganyika na unga usoni, na Maganga akawaambia watu kinyunya cha leo kimeanza kukandwa mapema. Kisha nikazitoa kanga zangu, zote, na sikuzirudisha tena.

Basi ndiyo hadithi ya muhogo. Baba yako anajua mwendo wangu tu.

Mashine za huko uendako sizijui, na elimu uliyonayo mimi sina. Ila najua kutakuwa na Waluguru na Wapogoro na Wahehe na watu wa kila pembe, na kila mmoja ana mtani wake. Watu hawatakuja kukwambia, "Ndugu mchunguzi, naogopa." Nani anasema hivyo? Watakuchekesha. Cheka nao, mwanangu, unacheka vizuri, ni kicheko cha bibi yako. Ukimaliza kucheka, kaa chini uulize. Na ukiingia mahali ukakuta pamenyamaza, watu wanakuitikia "ndiyo ndugu, ndiyo ndugu," usifurahi kama nilivyofurahi mimi.

Na utakosea. Nakuombea makosa yako yawe madogo, lakini utakosea, kwa sababu umezaliwa na mimi. Siku hiyo usijifungie chumbani. Mfuate mtu uliyemkosea, ukamsikilize. Mzigo ukiwa mzito, uandike nyumbani, baba yako na mimi tutakuja tuubebe pamoja. Nakupenda, Asu. Nimekupenda kabla hujaweza kushika shingo yako, na kesho pale stesheni sitaweza kulisema maana shangazi yako atakuwa anaongea.

Ngoja. Umerudi.

Umependeza mpaka nimekasirika. Umepita hapa mlangoni, umesema "Shikamoo mama," nimeitikia marahaba huku nimeifunika barua kwa kanga. Umeuliza naandika hotuba ya nani. Kisha umeitazama koroboi niliyoiwasha sasa hivi, hapa kwenye ukingo wa dirisha, ukacheka ukasema, "Hilo pazia likishika moto, mama, hata nikiwa Morogoro nitauona mwanga." Umekwenda uani kumwonyesha baba yako nywele. Namsikia anazisifu.

Wewe mwenyewe hukujua umesema nini. Nami nimecheka, kama ilivyo kawaida yetu. Kisha nimeinuka, nimeitoa koroboi dirishani nimeishusha sakafuni, mbali na pazia, na mistari hii ya mwisho nakuandikia nikiwa nimekaa chini.

Mama yako,
Mwanaidi